Siku Nilipogeuza Dishi Kuelekea Kibla

Mwanaisha, mwana wa mwanangu,

Nakusalimu kwa karatasi na wewe uko nyumba ya tatu tu, unaaga majirani. Watu watasema bikizee huyu amepata wazimu, mjukuu yuko karibu hivi na bado amwandikia barua. Waseme. Nikikaa nawe uso kwa uso utalia, na nikikuona unalia nitasahau nilichotaka kusema, tutaishia kupika chai. Karatasi hailii.

Mwenye kalamu ni Asha, mke wa mjomba wako. Maneno ni yangu. Mimi shule sikuiona hata mlango, hilo unalijua, kwa hiyo ukikuta neno limepinda usimlaumu Asha, ni mdomo wangu. Nimemwambia andika kama nisemavyo, usinipambe.

Sitakueleza mambo ya kula, kuvaa na kusali. Kama mpaka leo huyajui, basi mimi sikulea, nilifuga.

Nataka kuzungumza juu ya neno ulilolisema jana mbele ya mjomba wako, sahani ya wali ikiwa bado iko kati yetu. Ulisema, "Siendi. Tiketi irudishwe." Mjomba wako akakuuliza kwa nini. Ukasema, "Bibi atabaki na nani? Hata televisheni ikipotea chaneli hawezi kuzirudisha. Na yule wa Uingereza ni mama wa simu, mimi simjui." Kisha ukainuka na mkono hujauosha.

Mimi nilibaki nikikusanya sahani. Nakujibu leo.

Ruhusa iliyogongwa kwenye pasi yako haikai ikikungoja. Ndege ya kesho asubuhi ikiondoka hapa Kismayo bila wewe, mama yako ataanza tena kubisha milango ya wakubwa wa kule. Safari hii watamwambia binti yako ameshakuwa mtu mzima, aombe mwenyewe. Na ukiomba mwenyewe hawatakupa. Mjomba wako amekueleza, nami nakueleza. Hakuna ndege nyingine, mamangu. Ni hii.

Sasa tuje kwenye televisheni, maana wewe ndiwe uliyeyaleta maneno haya.

Wakumbuka fundi alipotufungia dishi juu ya paa kabla ya Ramadhani. Alipoondoka nilitoka uani nikalitazama. Linaangalia juu mbinguni, limeelemea kidogo upande wa machweo. Nikasema, hee! Hili ndilo linaloleta Makka nyumbani kwangu, mbona limeipa Makka ubavu? Mimi ni mchu wa Darakasi, ndivyo tusemavyo sisi "mtu". Kisiwani kwetu mtoto kabla hajajua jina la baba yake ajua kibla iko wapi. Ni kule kaskazini, twalala kwa hiyo, twachinja kwa hiyo, twazikwa kwa hiyo. Nikaona fundi huyu hana adabu. Nikamwita mjomba wako, nikamwambia panda, geuza.

Akasema, "Mama, fundi ameliweka kwa vipimo."

Nikamwambia, "Vipimo vyake na kibla ya Mungu, kipi kikubwa?"

Masikini! Akapanda, akalegeza nati, akaligeuza likatazama kaskazini sawasawa, nami niko chini namwelekeza kwa mkono kama ninayepanga safu msikitini. Likakaa vizuri. Likapendeza. Nikaingia ndani, nikakaa kitako, nikabonyeza namba moja nipate kuiona Al-Kaaba.

Giza.

Nikabonyeza mbili, giza. Nikapanda mpaka mwisho, giza tupu. Lakini kilichonishitua si giza. Ni kwamba kila nikibonyeza, chini ya kioo maandishi yanatokea. Sijui kusoma lakini najua sura ya maandishi ya ile chaneli ya Makka, nimeizoea kama sura ya mtu. Jina lipo, mwenyewe hayupo. Nikachukua tasbihi. Nikasema nimemkosea nani leo?

Uliporudi ukanikuta nimeshika tasbihi mbele ya kioo cheusi. Ukatoka nje, ukatazama paa, ukarudi ndani unacheka mpaka ukakaa chini. "Bibi! Umelielekeza Makka kwenyewe!"

"Na wewe ulitaka nilielekeze wapi, Ulaya?"

"Bibi, sauti ya Makka haitambai juu ya ardhi ikaja. Inapanda kwanza."

Ndipo ukanieleza, na tangu siku ile mimi si yule yule. Nataka ujue hivyo. Wewe ulidhani wamfundisha bibi kubonyeza vidude. Ulinipasua kichwa ukakitia mbingu.

Ulisema maneno ya Makka yanatupwa juu, mbali kuliko ndege aendako, mbali kuliko wingu, yanafika kwenye chombo kilichotundikwa juu ya mstari wa katikati ya dunia. Chombo kile kinazunguka pamoja na dunia, mwendo wake na wetu mmoja, hivyo sisi twakiona kimesimama. Kinapokea, kinarudisha chini. Na sisi watu wa pwani hii twaishi chini ya mstari wenyewe, ndiyo maana dishi letu latazama juu karibu na utosi. Kule kaskazini nilikoligeuzia hakuna kitu kilichotundikwa. Hakuna kabisa. Nilikuwa nimeliambia lisikilize mahali pasipo na msemaji.

Mjomba wako alipolirudisha, ulinikalisha ukanionyesha jinsi kile kisanduku, ile risiva, inavyotafuta. Mimi siku zote nilidhani chaneli zimo ndani yake kama nguo ndani ya sanduku. Ukasema, "Hapana, Bibi, ndani hamna kitu. Zote ziko hewani."

"Hewani wapi?"

"Hapa. Sasa hivi. Zinapita ukutani, zinakupita wewe."

Nikautazama mkono wangu. Wallahi niliutazama mkono wangu. Wasoma Kurani wa Makka, watangazaji, wacheza mpira, vilio vya watoto wa nchi nisizozijua, vyote vimepita kwenye mkono huu unaosafisha samaki, usiku na mchana, na mimi sijui. Nyumba imejaa na mimi nasema niko peke yangu.

Nikakuuliza, kama zote zinakuja pamoja, mbona hazivurugiki? Ukasema kila moja ina mtetemo wake, nyingine ya haraka, nyingine ya haraka zaidi, na risiva hujifunga kwenye mtetemo mmoja, iliyobaki ikaiacha ipite kama haipo. Hapo nikakuelewa upesi, maana nimelea. Arusini wanawake mia wanapiga vigelegele na ngoma inalia, lakini mwanao akilia chumba cha nyuma wamsikia yeye tu. Sikio la mama laweza hilo. Nilikuwa sijui kuwa kuna aliyeweza kulifundisha bati na waya.

Kisha ikaanza kutafuta. Nilikaa nayo tangu mwanzo mpaka mwisho, na wali wangu ukaungua, wakumbuka. Ilianza chini kabisa. Ikasikiliza. Hakuna kitu. Ikapanda kidogo. Ikasikiliza. Hakuna. Ikapanda tena. Nikakuambia mbona hairuki ikaenda moja kwa moja penye watu? Ukasema haijui penye watu ni wapi, ndiyo maana yaitwa kutafuta. Ikapanda, ikapanda, kisha ikasimama. Imekuta mtetemo. Ikaushika, ikatulia, na majina yakaanza kumiminika kwenye kioo, moja chini ya jingine, maana ulisema chaneli huja zimefungwa furushi moja, na furushi lenyewe limebeba majina ya waliomo ndani yake. Kila furushi lajitambulisha! Risiva haikisii. Inauliza na inajibiwa.

Ilipofika juu kabisa nikadhani imemaliza. Ukasema bado. Ukasema mawimbi mengine huja yamesimama na mengine huja yamelala, na risiva imesikiliza yaliyosimama tu. Sasa itatuma umeme zaidi kidogo kupitia waya ule ule, na kile kichwa kilicho mbele ya dishi kitajua ni amri, kitaacha yaliyosimama kisikilize yaliyolala. Ikarudi chini ikaanza upya. Njia ile ile, mahali pale pale ilipokwisha kusema hapana kitu. Na ikakuta watu! Pale pale palipokuwa kimya.

Subhana Allah. Nimeishi miaka yote hii, nimezika mume, nimekimbia vita, nimerudi, sijaona subira kama ya kisanduku kile.

Asha amecheka hapa. Asema, "Mama, mimi hunisifii hivyo." Nikamwambia wewe hujawahi kupanda na kushuka bila kunung'unika.

Halafu ukanieleza inavyohifadhi, na hili ndilo nililotaka kulifikia. Nilidhani imeshika picha. Ukasema haikushika picha hata moja. Imeshika mahali tu. Namba moja maana yake: nenda kwenye mtetemo fulani, uliosimama au uliolala, ndani ya furushi chukua kipande hiki cha picha na hiki cha sauti. Basi. Umeme ukikatika wiki nzima, haisahau. Lakini mwenyewe akihama, risiva haina habari. Ukibonyeza itakwenda pale pale pa zamani, itasimama mlangoni, itakuonyesha jina na giza.

Nilipolisikia hilo niliweka rimoti chini, nawe ukadhani nimechoka. Nilikuwa nimekwenda Darakasi.

Hii sikupata kukuhadithia. Vita vilipotutoa, tulikaa kambini Mombasa mpaka mama yako akawa msichana wa kutumwa dukani. Miaka yote ile nililala na kisiwa kichwani, nyumba kwa nyumba. Mlango wa kwanza kutoka msikitini ni wa Khadija, somo yangu, tuliovunja ungo pamoja. Wa pili fundi mashua. Wa tatu shangazi. Niliipitia usiku kama mtu anayesoma uradi, nisije nikasahau hata mmoja. Waliposema hali imetulia, nikamshika mama yako mkono, tukarudi. Nikashuka mchangani, nikaenda moja kwa moja mlango wa kwanza. "Hodi, Khadija!"

Akatoka mwanamke simjui. Ana mtoto mgongoni. Akasema, "Karibu."

Nikasema, "Namtaka Khadija."

Akasema, "Karibu maji, watoka mbali."

Nikasema, "Khadija yuko wapi?"

Mwanaisha, sikumsikia yule mwanamke. Sikumdharau, naapa. Sikumsikia tu. Masikio yangu yalikuwa yamefungwa kwenye sauti moja, na yeye hakuwa hiyo. Nikaenda mlango wa pili, hapana mtu, paa limeanguka. Wa tatu, mbuzi. Nikasimama katikati ya kijiji nikazikasirikia nyumba. Hebu fikiria mtu mzima anakasirikia kuta.

Nilipogeuka, mama yako hayuko nyuma yangu. Amebaki kule mlango wa kwanza. Amekaa kizingitini, ameshika kata, anakunywa maji, na yule mwanamke amemwekea mtoto wake mapajani. Wanacheka. Alikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo leo, na alikuwa amekwisha kupata watu wa kwao wakati mimi bado nabisha kwenye giza.

Yule mwanamke ndiye mama yake Asha. Mtoto wa mgongoni ndiye huyu anayeandika.

Asha ameweka kalamu chini. Asema, "Mama, na hilo niliandike?" Nimemwambia liandike, na ufute machozi yasiloweshe karatasi, ni hizi tu tulizo nazo.

Naye Khadija yu hai. Alikuwa hukohuko Mombasa siku zote, mtaa wa pili kutoka soko nilikokuwa nikinunua ndizi. Nilikutana naye baadaye kabisa, nilipokwenda kumtibisha mjomba wako jicho. Wasikia? Mimi nilimhifadhi Darakasi, kumbe amehama, na amepita hewani mwangu kila siku.

Kwa hiyo usinidanganye kwamba mama yako humjui ndiyo maana huendi. Ni kweli humjui. Wewe umemhifadhi pale alipokuacha, mwanamke wa uwanja wa ndege mwenye buibui jeusi, kwa umri wako wa wakati ule hata kuvaa kandambili ulikuwa hujui. Na yeye amekuhifadhi pale pale. Anaponipigia simu hadi leo aniuliza, "Bado ala maganda ya embe?" Namwambia Zuhura, mwanao ana miguu mirefu kuliko mlango. Hajui pa kukuweka.

Mtakapoonana, kila mmoja atabonyeza namba ya zamani. Wewe utamtafuta wa buibui, yeye atamtafuta wa maganda ya embe. Jina litatokea na patakuwa na giza kidogo. Usiogope giza lile, mamangu. Mwenyewe yupo, amehama tu. Anzia chini. Chakula anachopenda sasa, anacheka nini sasa, analala vipi. Na mahali utakapokuta kimya usiandike kwamba hapana mtu. Rudi siku nyingine na sikio jingine.

Mjomba wako amenionyesha kwenye simu picha ya mtaa wa mama yako. Nyumba za matofali mekundu, na kila ukuta una dishi. Nikamuuliza haya yanatazama wapi? Akahangaika, akaniletea jibu kutoka kwa Zuhura mwenyewe: yote yanatazama upande mmoja, kusini na mashariki, yameinama chini. Kwa nini yameinama? Kwa sababu kile yanachokitazama kiko juu ya mstari wa dunia. Yaani juu yetu, Mwanaisha. Mji mzima wa watu wasiotujua wamelielekeza sikio la nyumba yao upande wetu, na hawajui. Na Zuhura anasema kibla ya kule nayo ni upande huo huo, imeelemea mashariki zaidi kidogo tu. Kosa nililolifanya mimi hapa, kule lingekuwa karibu na sawa! Nilicheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Mungu ni mkubwa na dunia ni mviringo, mimi sina la kuongeza.

Limebaki lile la kwamba mimi siwezi. Hilo ndilo lililoniuma, sikufichi. Bibi hawezi kurudisha chaneli. Bibi atakufa kwa upweke mbele ya kioo cheusi. Basi leo alasiri ulipotoka kwenda kuaga, niliichukua rimoti nikafuta kila kitu. Asha shahidi, alipiga kelele, "Mama, wafanya nini!" Nikamwambia keti. Nilifuta mpaka Makka. Kioo kikabaki safi, hapana hata jina.

Kisha nikaanza. Maandishi siyajui, lakini vidole vyangu vilikuwa vimekutazama ulipokuwa ukinifundisha. Chini mara mbili, kulia, ile nyekundu, subiri. Nikakosea. Likatokea jambo la kuchagua lugha, kioo kizima kikageuka herufi kama mifupa ya samaki. Asha akataka kunipokonya, nikampiga mkono. Nikarudi mwanzo. Chini mara mbili, kulia, nyekundu. Ikaanza kupanda. Niliogopa, Mwanaisha, maana nilijua ikigoma utapata sababu yako, na mimi nitakuwa nimekufungia mlango wa mama yako kwa kidole changu. Nikaomba Mungu juu ya risiva. Asha asema hajapata kuona dua ya namna ile.

Ikakuta. Wa kwanza, wa pili, majina yakashuka kama mvua. Makka sasa haiko namba moja, iko huko chini kabisa, nimeshapajua. Sikumwita mjomba wako. Sikumwita mtu.

Na nilipokuwa nikizipitia moja moja kuona nini nimepata, nikakuta moja ambayo haikuwako zamani, au wewe ulinificha. Mwanamke amesimama mbele ya ramani, anasema Kiingereza. Mimi nikataka kupita, Asha akasema, "Simama, Mama, hiyo ni Uingereza." Ramani yote imefunikwa mawingu, na mistari ya mvua inashuka. Nikamuuliza mji wa Zuhura ni upi. Akainuka akaweka kidole kwenye kioo. Pale chini ya kidole chake palikuwa pananyesha.

Miaka yote hii namuuliza mwanangu kwenye simu hujambo, anajibu sijambo. Leo ndiyo mara ya kwanza kuiona mvua inayomnyeshea.

Nikakaa mpaka yule mwanamke akamaliza. Nikamwambia Asha, wewe ulijifunza Kiingereza shuleni, amesemaje? Asha akasema, "Asema leo na kesho mvua. Keshokutwa asubuhi itakatika."

Keshokutwa asubuhi ndiyo unafika.

Asha sasa anakupelekea hii. Rudi, uoshe uso, ufunge sanduku. Chai ipo.

Mimi, mama yake Zuhura